Wanafunzi wa tiba kwa vitendo katika hospitali isiyo na mtaalamu wao

Swali: Msomaji wetu, ambaye ni mtoa tiba kwa mazoezi katika hospitali ya wilaya mkoani Mtwara, anaeleza kwamba chuo kimeiomba hospitali yao ipokee, kwa wiki nane, wanafunzi wawili wa tiba kwa vitendo, yaani fani inayomsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku. Kitengo chao cha utengamao kina yeye na msaidizi mmoja tu, na hospitali haina mtoa tiba kwa vitendo. Chuo kinataka kila mwanafunzi amalize fildi akiwa na kazi ya ubunifu, lakini kiti cha mbao kilichoachwa na wanafunzi waliotangulia, wa kozi nyingine, kipo stoo na hakuna mgonjwa aliyewahi kukikalia. Anauliza kama akubali, awasimamie vipi watu wa taaluma isiyo yake, na ubunifu huo uwe wa namna gani.

Jibu: Ndugu yangu, kubali ombi hilo, lakini kwa masharti mawili yatakayoandikwa na kusainiwa kabla wanafunzi hawajapanda basi la kuja Mtwara. La kwanza ni kwamba chuo kimtaje kwa jina mtoa tiba kwa vitendo mwenye sifa atakayebeba dhamana ya kitaaluma ya wanafunzi hao kwa wiki zote nane, hata kama yeye mwenyewe yuko mkoa mwingine. La pili ni kwamba kazi ya ubunifu isichaguliwe chuoni wala katika wiki ya kwanza, bali ichaguliwe baada ya wanafunzi kuwaona wagonjwa wakiwa nyumbani kwao, katikati ya kazi zao za kila siku. Sharti la kwanza linamlinda mgonjwa na linakulinda wewe. La pili ndilo litakaloamua kama wiki hizo zitawafaa watu wa wilaya yenu, na kwa sababu hiyo nitalieleza kwa urefu zaidi.

Sikushauri kukataa kwa sababu tu hamna mtaalamu wa fani hiyo. Shirikisho la Dunia la Watoa Tiba kwa Vitendo, lililoanzishwa mwaka 1952, linataka kila mwanafunzi awe amefanya mafunzo ya uwandani kwa saa zisizopungua 1,000 kabla ya kuhitimu. Wiki nane za saa 40 ni saa 320, yaani karibu theluthi ya kiwango hicho, na saa hizo hazipatikani mahali pengine ila kwa wagonjwa. Mwanafunzi wa fani hii nchini mwetu anayesoma Moshi, katika taasisi za KCMC, hupata nafasi nzuri ya kujifunza katika hospitali kubwa, lakini mgonjwa anayemwona pale kitandani huruhusiwa na kurudi kwake, na kwake kunaweza kuwa Kitangari, Nachingwea au Msimbati. Mwanafunzi asiyewahi kuona mgonjwa anavyofika chooni usiku katika nyumba ya udongo iliyozungukwa na mchanga atahitimu akijua nusu tu ya kazi yake. Uingereza na Australia zimekuwa zikiwapeleka wanafunzi kwa makusudi katika sehemu ambazo fani hiyo haijafika, huku msimamizi wao wa kitaaluma akiwa nje ya sehemu hiyo. Afrika Kusini, tangu mwaka 2003, mtoa tiba kwa vitendo aliyehitimu hulazimika kuitumikia jamii kwa mwaka mmoja katika vituo vya umma kabla ya kujitegemea. Kwa hiyo jambo unaloombwa si geni katika taaluma hii, ila linahitaji mpangilio.

Nianze na usimamizi, kwa maana hapo ndipo hofu yako ilipo, na hofu hiyo ni ya haki. Wewe na mtoa tiba kwa vitendo mnaweza kumtazama mgonjwa mmoja wa kiharusi na kuuliza maswali tofauti. Wewe utapima bega linanyanyuka kiasi gani, misuli ina nguvu kiasi gani na mwendo umekaaje. Yeye atauliza kama mama huyo anaweza kujifunga kanga, kujiosha, kuwasha moto wa kuni na kumbeba mjukuu, na kama hawezi, ni hatua ipi hasa ya kazi hiyo inayomshinda. Hutakiwi kuhukumu ubora wa kitaaluma wa jibu la swali hilo la pili, wala chuo kisikubebeshe mzigo huo. Yaliyo mikononi mwako ni usalama wa mgonjwa, nidhamu ya kazi, namna mwanafunzi anavyozungumza na wagonjwa na wenzake, ukweli wa kumbukumbu anazoandika, na miiko ya kitabibu unayoijua vizuri kuliko yeye: presha iliyopanda, mfupa ambao haujaunga, kidonda cha mgandamizo ambacho hakitakiwi kukaliwa. Hukumu juu ya tathmini na mpango wa tiba ibaki kwa msimamizi wa mbali, na hilo liandikwe wazi katika makubaliano ili siku ya kutoa alama pasiwe na mvutano.

Kati ya Moshi na Mtwara ni zaidi ya kilometa 1,000, na usitarajie mkufunzi aje kila wiki. Kinachowezekana ni ziara moja, ikiwezekana karibu na wiki ya nne, pamoja na kikao cha simu cha saa nzima kila wiki, siku ileile na saa ileile, ambacho hakiahirishwi kwa sababu kliniki imejaa. Siku moja kabla ya kikao, kila mwanafunzi atume maandishi ya ukurasa mmoja kuhusu mgonjwa mmoja: ni nani, anafanya kazi gani, nini kimemshinda, mwanafunzi amefanya nini na kwa sababu gani, na anakwama wapi. Kikao bila maandishi hugeuka kuwa maongezi ya kusalimiana, na msimamizi hawezi kugundua kosa la fikra ambalo halikuandikwa. Wewe ukae katika kikao hicho angalau robo saa ya mwanzo, kwa sababu umemwona mgonjwa kwa macho na msimamizi hakumwona. Na kama katika mojawapo ya hospitali kubwa za ukanda wenu, iwe ile ya kanda iliyoko Mitengo, Ligula, Sokoine kule Lindi, au zile za misheni za Ndanda na Nyangao, yupo mtoa tiba kwa vitendo anayekubali, mwombeni yeye kwanza kabla ya kumwomba aliye mbali, kwa sababu anaijua jamii na anaweza kufika.

Kuna kazi ambazo mwanafunzi asizifanye kabisa bila msimamizi wa kitaaluma kuziona, hata kama anasema alizifundishwa. Splinti, yaani kifaa cha kushikilia kiungo, ya mkono uliotoka kushonwa kano ni mojawapo, kwa kuwa pembe ikikosewa, au mgonjwa akiruhusiwa kukunja vidole kabla ya wakati, mshono unaweza kukatika. Kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayepaliwa ni nyingine, kwa kuwa chakula kinachoingia kwenye njia ya hewa huleta nimonia na huua. Ya tatu ni kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo asiyehisi makalio yake. Katika mambo haya matatu, kusubiri siku mbili mpaka msimamizi apatikane kuna madhara madogo kuliko kuharakisha, na ningependa ulisimamie hili bila kumwonea aibu mwanafunzi wala daktari anayekuhimiza.

Kuhusu idadi, wanafunzi wawili si mzigo mara mbili. Wakiwa wawili watajadiliana kabla ya kukujia, watakwenda nyumba za watu pamoja, jambo ambalo ni salama zaidi hasa kwa binti mgeni wa mahali, na mmoja ataandika huku mwingine akizungumza. Hatari yake ni kwamba mwenye uwezo humfunika mwenzake. Kwa hiyo kila mmoja awe na wagonjwa wake, wachache, watatu au wanne wa kufuatwa tangu wodini hadi nyumbani, badala ya kupita kwa wagonjwa ishirini wanaoonekana mara moja na kusahaulika.

Sasa nije kwenye sharti la pili. Katika wiki mbili za kwanza wanafunzi wasitengeneze chochote. Wawe wodini na kliniki asubuhi, na mchana wafuatane na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwenda kwenye nyumba za wagonjwa walioruhusiwa, kwa ridhaa yao. Kazi yao huko ni kutazama na kuuliza. Yapo mahojiano yaliyobuniwa Kanada na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ambayo bila shaka wamefundishwa: mgonjwa mwenyewe anataja shughuli zinazomshinda, anachagua zile zilizo muhimu kwake, kisha anazipa alama kuanzia 1 hadi 10, mara ya kwanza kwa jinsi anavyozifanya, mara ya pili kwa jinsi anavyoridhika. Baadaye huulizwa tena, na mabadiliko ya alama 2 au zaidi huchukuliwa kuwa yana maana katika maisha ya mtu. Kwa mzee ambaye hakusoma, namba hizo hazimwambii mengi. Weka korosho kumi juu ya mkeka na umwombe atenge zile zinazoonyesha anavyoiweza kazi hiyo leo, na mazungumzo yatafunguka. Mwanafunzi akilifikiria hilo mwenyewe, akalijaribu kwa wagonjwa wake wote na akaandika lilivyokwenda, amekwisha kufanya kazi ya ubunifu yenye thamani, na haijagharimu chochote.

Katika kuuliza, lugha na heshima vinahitaji maandalizi. Wanafunzi wengi watakuwa wageni wa kusini. Wazee watawasikiliza kwa Kiswahili, lakini mambo ya mwili na ya chooni huwa mepesi kusemwa kwa Kimakonde, Kimwera, Kimakua au Kiyao, na mkalimani atahitajika. Mkalimani huyo asiwe mkwe. Nimeona mahojiano yakifa palepale kwa sababu swali la kujisaidia lilipitishwa kwa mkamwana mbele ya baba mkwe wake, na mwanafunzi akaandika kwamba mgonjwa hana tatizo la choo. Vilevile wanafunzi wafahamu kwamba jamii nyingi za huko kwa asili hufuata ukoo wa mama, na kwamba katika nyumba fulani neno la mjomba juu ya mgonjwa linaweza kuwa zito kuliko la mume. Mpango wa tiba uliokubaliwa na mtu asiye na kauli hautafuatwa, na mwanafunzi atasema familia haina ushirikiano, ilhali hakuzungumza na mwenye kauli.

Baada ya kujua shughuli ambayo mgonjwa anaitaka, mwanafunzi aichanganue. Hiki ndicho kiini cha taaluma yao, na ndicho kinachorukwa zaidi wanapokimbilia kutengeneza vifaa. Tuchukue mama wa Mikindani aliyepata kiharusi upande wa kulia na anayetaka kurudi jikoni. Kukuna nazi kunamtaka akae chini juu ya mbuzi, abebe uzito wake bila kupinduka, ashike kifuu kwa mikono miwili, azungushe kiganja huku akisukuma kuelekea kwenye meno ya chuma, atambue nyama ya nazi imekwisha kabla hajaanza kukuna ganda, kisha ainuke kutoka chini akiwa ameshika bakuli. Hizo ni hatua sita, na si zote zinazomshinda. Huenda mkono wa kushoto unazungusha vizuri na tatizo ni kukaa chini na kuinuka. Hapo mbuzi ikipigiliwa misumari juu ya benchi la kimo cha kiti, kazi inarudi. Huenda tatizo ni kwamba mkono wa kulia hauhisi, na meno ya mbuzi yatamkata bila yeye kujua. Hapo benchi halisaidii kitu, na kinachohitajika ni kumfundisha kuutazama mkono huo muda wote, au kumpa mtu mwingine hatua hiyo moja. Na huenda, ukimuuliza tena kwa utulivu, mama huyo hajali nani anakuna nazi. Anachotaka ni kuonja mchuzi na kuamua chumvi, yaani kubaki mwenye jiko. Mwanafunzi akisikia hilo, atajua kwamba kifaa alichotaka kutengeneza hakikuwa na mhitaji.

Nasisitiza hili kwa sababu ya kiti kilichoko stoo kwenu. Sidhani kama kilitengenezwa vibaya. Nadhani kilitengenezwa kabla ya kupatikana mtu wa kukikalia, kwa vipimo vya mtoto wa kwenye kitabu, na kila mtoto halisi aliyeletwa alikuwa mrefu kuliko kiti, au mfupi, au mgongo wake ulipinda kwa namna ambayo kiti hakikuitarajia. Kiti cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo hupimwa kwa mtoto: urefu wa paja kutoka nyuma ya nyonga hadi nyuma ya goti, upana wa nyonga, urefu wa mguu kutoka gotini hadi kisiginoni, na kimo cha kwapa anapokuwa ameketi. Kiti chenye kalio refu kupita kiasi humfanya ateleze mbele na kukalia kiuno badala ya makalio, na kadiri anavyokaa humo ndivyo mgongo unavyozidi kupinda. Tena mtoto hukua, na kiti cha mwaka huu hakitamfaa baada ya muda. Kwa hiyo kila kazi ya ubunifu iwe na jina la mtu mmoja inayemhusu, na maswali mawili yajibiwe kwa maandishi kabla ya kununua hata msumari mmoja: nani atakitengeneza kikivunjika baada ya mwanafunzi kuondoka, na nani atapima kama bado kinafaa? Jibu la swali la kwanza karibu kila mara ni fundi seremala au fundi baiskeli wa jirani, na kwa sababu hiyo fundi huyo awepo tangu siku ya kuchora.

Juu ya malighafi, pwani ya kusini ina matatizo yake ambayo vitabu vya chuoni havitayasema. Karatasi za plastiki za kutengenezea splinti, zile zinazolainika kwenye maji ya moto ya nyuzi kati ya 60 na 75, ni ghali na huagizwa nje. Tena splinti iliyokamilika ikiachwa juani ndani ya gari huweza kulegea na kupoteza umbo, na mgonjwa lazima aambiwe hivyo. Bendeji za plasta zinapatikana hospitalini na zinatosha kwa splinti ya muda ya kupumzishia mkono. Bomba la plastiki la maji hulainika kwa joto na linaweza kukunjwa, lakini ni gumu, hivyo kingo zake zilainishwe na kuwekewa sifongo, hasa kwa mtu asiyehisi, na lisipashwe juu ya moto wa wazi katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa likiungua hutoa moshi wa sumu. Misumari ya kawaida hushika kutu mapema karibu na bahari, na kwa kifaa kitakachobeba mwili wa mtu ningechagua skrubu zisizoshika kutu au viungo vya mbao.

Teknolojia ya karatasi iliyokuzwa Zimbabwe na Bevill Packer inastahili kujaribiwa kwenu. Maboksi na karatasi zilizotumika hubandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya uji wa unga, zikakaushwa mpaka ndani, na kutoa kiti kigumu cha kumkalisha mtoto au meza ya kusimamia. Gharama yake ni ndogo, na mama wa mtoto anaweza kujifunza kuitengeneza mwenyewe, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko gharama. Lakini ikipakwa rangi kabla haijakauka ndani huoza, na katika unyevunyevu wa pwani kukausha huchukua muda mrefu kuliko mwanafunzi anavyopanga. Uji wa unga nao huwavuta mchwa na mende. Kazi hiyo ianze mapema, ifanyike miezi ya kiangazi, ipakwe rangi ya mafuta au vanishi pande zote ikiwemo chini, na kiti kisikae moja kwa moja juu ya udongo.

Shughuli za mahali zinavutia kutumika kama tiba, na ni sahihi zitumike, ila si zote ni salama kwa kuwa tu ni za kwetu. Nataja korosho kwa makusudi. Mwanafunzi mgeni ataona wanawake wakibangua korosho na atasema hii ni kazi nzuri ya kuzoeza vidole na kuleta kipato. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Mtu aliyepoteza hisia mikononi kwa ukoma, kisukari au kiharusi ataungua bila kusikia, na atakuja kliniki na vidonda ambavyo vitamgharimu vidole. Kuokota korosho shambani ni jambo jingine: huko shida ni kuinama maelfu ya mara, na mwenye maumivu ya mgongo au mguu wa bandia anaweza kusaidiwa kwa kijiti kirefu chenye ncha ya kuchomea bibo, pamoja na ndoo iliyowekwa juu ya kigoda. Muulizeni mkulima mwenyewe kwanza, kwa kuwa mara nyingi amekwisha kubuni nusu ya suluhisho, na kazi ya mwanafunzi ni kuikamilisha nusu iliyobaki kwa kutumia elimu yake ya mwili.

Ubunifu pia usifungiwe katika vifaa. Kama wanafunzi wakigundua kwamba akina mama watano wenye watoto wa mtindio wa ubongo wanakuja kliniki siku tano tofauti, kila mmoja akidhani yuko peke yake, basi kuwapangia siku moja ya pamoja, kuwafundisha kumbeba na kumlisha mtoto, na kumwandaa mmoja wao kuliongoza kundi baada ya wanafunzi kuondoka ni kazi inayoweza kudumu kuliko kifaa chochote. Vilevile mwalimu wa darasa la kwanza anayeonyeshwa namna ya kumkalisha mtoto mwenye mkono mmoja dhaifu, ili daftari lisiteleze, amepata kitu atakachokitumia kwa watoto wengine. Chuo kikidai lazima kiwe kitu cha kushikika mkononi, kiandikieni na kukiomba kitafakari upya, na mtumie mifano kama hii.

Simu zitasaidia, na zitaleta hatari. Video ya mgonjwa akijaribu kuvaa shati inamwonyesha msimamizi wa mbali mambo ambayo maandishi hayawezi. Hata hivyo, taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wagonjwa wa wilaya yenu wanafahamiana. Ridhaa ichukuliwe kwa lugha anayoielewa mgonjwa, uso usionekane pale usipohitajika, video itumwe kwa msimamizi peke yake na si kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na ifutwe kwenye simu ya mwanafunzi baada ya kikao. Hili ningelifanya kosa la kusitisha mafunzo endapo litavunjwa.

Neno fupi juu ya mazoezi ya kuigiza. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2018 ulilinganisha wanafunzi waliofanya saa 40 za mazoezi ya kuigiza na waliofanya saa 40 za kawaida na wagonjwa, na matokeo yao ya kujifunza hayakutofautiana kwa kiasi cha kujali. Hiyo haina maana kwamba maigizo yatachukua nafasi ya wiki nane zenu. Ina maana kwamba nusu siku ya kuigiza, ambapo msaidizi wako anakuwa mgonjwa na mwanafunzi anamhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kigoda cha choo, haipotezi muda, na ifanyike kabla hawajamgusa mtu.

Kama chuo kinakuachieni kuchagua miezi, chagueni kati ya Juni na Novemba. Mvua kwenu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei, na wakati huo njia nyingi za vijijini hazipitiki kwa urahisi. Oktoba na Novemba kliniki inaweza kupungua watu kwa sababu kaya nyingi ziko mashambani kwenye korosho, na wengine wataliona hilo kama kasoro. Kwangu ni fursa ya kuwafuata wagonjwa kazini hasa, mradi nauli ya bodaboda iwe imepangwa mapema na isitoke mfukoni mwa mwanafunzi.

Kuhusu alama, jambo moja tu. Mwanafunzi asiyefikia kiwango aambiwe kwa maandishi kufikia mwisho wa wiki ya nne, msimamizi wa mbali akiwepo, na aelezwe ni nini hasa anatakiwa kubadilisha katika wiki nne zilizobaki. Kumwangusha wiki ya nane bila onyo ni dhuluma, na kumpitisha kwa huruma ni kuwapa wagonjwa wa miaka mingi ijayo mtu ambaye hakuwa tayari. Kazi ya ubunifu isipewe alama kwa uzuri wa kifaa wala kwa wasilisho, bali kwa kulinganisha alama alizotoa mgonjwa mwanzoni na zile alizotoa mwishoni, pamoja na maelezo ya kweli ya mwanafunzi pale ambapo hazikubadilika.

Barua yako ya kukubali ipitie kwa mganga mfawidhi, na iombe majibu ya chuo kabla ya tarehe ya kuripoti juu ya mambo haya: jina na namba ya simu ya msimamizi wa kitaaluma, siku na saa ya kikao cha kila wiki, wiki ya ziara ya mkufunzi, malazi na nauli za kwenda vijijini, bima ya wanafunzi, na nakala ya fomu ya tathmini ili uisome mapema na kuonyesha vipengele utakavyojaza wewe na vile utakavyoviacha kwa msimamizi. Majibu yasipokuja kwa maandishi, ahirisheni mapokezi mpaka awamu inayofuata.